Pijo, Landrova na Foleni ya Kivukoni

Mdogo wangu Masanja alifika kwangu Ilemela Jumamosi asubuhi na Pijo 504 nyeupe, na hata kabla hajafungua mlango alitoa mkono dirishani kunizuia nisiseme. "Shikamoo, dada. Usiitikie kwanza. Sikiliza injini." Nilisimama na ndoo yangu mkononi nikasikiliza. Injini ilikuwa inazunguka kwa sauti ya chini, bila kukohoa, kama mtu anayesali peke yake. "Marahaba," nilimwambia, "umetoka nayo Dar mpaka hapa?" Akasema ametoka nayo Dar, amelala Singida, na hakuongeza hata maji kwenye rejeta. Kisha akaitazama Landrova yangu iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwamba, pale inapokaa siku zote, akacheka kicheko chake cha utotoni. "Bado unafuga ng'ombe?"

Masanja amestaafu kazi ya bandarini, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenzake alinunua gamba la Pijo lililokuwa likiota majani nyuma ya gereji moja ya Morogoro, akalifufua kipande baada ya kipande mpaka mkewe akaacha kumuuliza anarudi saa ngapi. Safari hii alikuja kwa sababu sisi watatu, mimi, yeye na mdogo wetu wa mwisho, Mbuke, tulikuwa tumekubaliana kukutana twende pamoja ng'ambo ya ziwa, mbele ya Sengerema, kujengea makaburi ya wazazi. Mbuke alikuwa ameshafika tangu Ijumaa. Alikuwa jikoni akichemsha sato kwa nyanya na ndimu, ameshasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo, na alipomsikia kaka yake akitaja nguvu ya farasi alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Wameanza," alisema. "Watu wenye wajukuu, wameanza."

Tulianza kweli. Tumebishana juu ya magari yale mawili, Pijo 504 na Landrova 109, tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Masanja huanza na injini. Pijo ina lita mbili na nguvu ya farasi tisini na kitu. Landrova ina lita mbili na robo, injini kubwa zaidi, lakini farasi wake hawafiki themanini. "Sasa injini kubwa inayotoa nguvu ndogo unaiitaje?" aliniuliza, akichambua miiba ya samaki. "Naiita mvumilivu," nilisema. Akaendelea. Pijo inakwenda kilomita mia na sitini kwa saa na abiria anasinzia. Landrova ukiifikisha mia moja milango inaanza kukuaga. Pijo ina springi za koili kila gurudumu. Landrova ina zile za vyuma bapa vilivyopangwa kama vitabu, springi za mkokoteni. Pijo ina breki za diski mbele. Landrova ina dramu kote, na ukitoka kwenye maji unakanyaga breki huku unamtaja Mungu. Mafuta yanayoifikisha Pijo Usagara yanaiacha Landrova Buhongwa ikiomba mengine. Yote hayo ni kweli na sijawahi kuyakataa. Mimi hujibu kwa machache: kwamba Landrova ina gia za ziada, zile za kigingi chenye kichwa chekundu, zinazoitoa kwenye tope la mbuga ikiwa imeshiba magunia, kwamba bodi yake ni alumini, haijui kutu, na mlango wake unaufungua kwa spana ukaupeleka kwa fundi kwapani.

"Kwapani!" Masanja alisema. "Mbuke, umesikia gari linavyosifiwa? Linabebeka kwapani!" Mbuke akacheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani. Kisha Masanja akauliza swali lake la siku zote, na alipouliza hakuwa anacheka tena. "Ulipewa kuchagua wewe kwanza, dada. Mbele ya wazee. Mtu mwenye akili zake anaiachaje 504 achukue 109?" Nami nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote. "Kula samaki, anapoa."

Mwaka huo wa kuchagua ulianza na msiba wa mama. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili nikashika usukani, maana alinifundisha kuendesha mapema na hakuacha kitu kingine isipokuwa nyumba ya Buhongwa, magari mawili na sisi watatu. Masanja alikuwa na miaka kumi na minne, Mbuke saba. Tulimzika mama ng'ambo, nyumbani kwa baba mdogo Malimi, na siku ya kuanua matanga nilikuwa kwenye chumba cha kuwekea chakula, kati ya magunia ya mpunga na ungo wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikipima unga wa wageni. Chumba kile kilinuka vumbi la pumba na moshi wa zamani, na ukuta wake haukufika kwenye bati. Upande wa pili wazee walikuwa wamekaa wanatugawa.

"Masanja atanifaa kwenye ng'ombe," nilimsikia baba mdogo akisema. "Yule mdogo aende Magu kwa mama yake mkubwa. Kabula ni mtu mzima, ataolewa."

"Na magari nayo yataolewa?" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi Holo, dada mkubwa wa baba.

"Magari ni ya ukoo, dada."

"Siku kaka yako anayahangaikia, ukoo ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa nyuma, unapigwa upepo."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilibaki na kibaba mkononi, unga ukimwagika polepole juu ya miguu yangu. Kifo cha mama kilikuwa kimeniacha mkavu, lakini maneno yale, Masanja ng'ombeni na Mbuke Magu, yaliniingia kama maji ya baridi. Niseme mapema kwamba baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliamini kuwa yatima wanakuwa salama wakitawanywa, kama mbegu zinavyowekwa kwenye vihenge tofauti ili moto usizimalize zote. Leo naona mantiki yake. Siku ile niliona tu kwamba jioni Mbuke angelala kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua kuwa anaogopa giza.

Shangazi aliwashikilia wazee mpaka jua likapinda, ndipo tukaitwa. Uamuzi ulikuwa hivi: gari moja litabaki kwa watoto, jingine litakwenda kwa baba mdogo, na mtoto mkubwa atachagua kwanza. Tutakaa wenyewe Buhongwa mpaka siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mama. Siku hiyo wazee watatazama. Kama gari limetulisha na watoto wako shuleni, tutaachwa. Kama sivyo, Masanja ng'ombeni, Mbuke Magu, na hakuna kikao kingine. Niliomba siku chache za kufikiri, na baba mdogo akanitazama kwa huruma. "Kufikiri nini, binti yangu? 504 hiyo hapo." Kwake hakukuwa na shaka. Alikuwa ameshaanza kujihurumia kwa kubakiziwa Landrova.

Niliyapeleka magari yote mawili kwa Fundi Rwegasira, aliyekuwa na gereji Buhongwa kando ya barabara ya Shinyanga. Alikuwa mtu wa Bukoba, anavaa shati jeupe la kola ndani ya ovaroli, na sijui mtu aliyewahi kuona doa kwenye kola ile. "Fundi, nilinganishie," nilimwambia. Akacheka. "Nilinganishe nini, Kabula? Hili," akaipapasa boneti ya Pijo, "ni gari la msomi. Lile ni gari la Msukuma. Halina haraka, halisikii fimbo, na likishiba linakwenda popote." Nikamwambia ndiyo maana wao wakienda kwao Bukoba wanapanda meli, magari yao ya kisomi yanaogopa tope. Alifurahi sana, akaagiza chai ya tangawizi na chapati, tukala juu ya boneti ya Landrova kwa sababu alisema hawezi kuweka sahani juu ya 504. Baada ya chai alifanya kazi. Aliyawasha yote mawili, akasikiliza, akalala chini yake, akatikisa magurudumu. Kisha akachukua utepe wa kupimia akanionyesha kitu ambacho hata yeye kilimfurahisha. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma Landrova ilikuwa na inchi mia na tisa, na ndilo jina lake. Pijo ilikuwa na inchi mia na nane, kasoro unywele. "Unaona? Urefu ule ule," alisema, "akili tofauti."

Nilimwuliza kuhusu kiti cha mbele cha Pijo. Akasema kiti kile kiwandani kimetengenezwa kilale hadi kikutane na cha nyuma, kinakuwa kitanda. Lakini cha kwetu kilikatika, na marehemu baba alikichomelea kikabaki kimesimama. Nilijua. Nilimshikia baba waya siku anakichomelea. Nikaenda nyuma ya Landrova, nikapanda, nikalala chali juu ya bati kati ya yale mabenchi mawili ya pembeni, nikanyoosha miguu. Visigino vyangu havikugusa mlango. Fundi alikuja akainama na kikombe chake. "Wewe, unapima jeneza?"

"Napima mgonjwa," nilimwambia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sikulisema mezani, si Jumamosi ile wala miaka yote ya nyuma. Mama aliugulia ng'ambo, kwa baba mdogo. Ilipoamuliwa apelekwe Mwanza haraka, magari yote mawili yalikuwa uani, na Masanja alikimbia mbele ya watu wote akafungua mlango wa Pijo. "Hii, dada! Hii ndiyo ya mbio!" Kila mtu alikubali, na mimi nilikubali. Nikaendesha, shangazi Holo akakaa nyuma amemwegemeza mama begani, na Pijo iliruka barabara ile kama ndege. Tulifika kivukoni tukakuta malori ya pamba yamepanga mstari mpaka juu ya kilima. Sheria ya kivukoni kila mtu aliijua: mgonjwa na maiti hawakai foleni. Nikapiga honi. Mhudumu wa zamu akaja, kijana mwenye adabu, akainama dirishani, na alichokiona ni mama mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma, kitenge kimefungwa vizuri kichwani. Akafanya kile ambacho yeyote aliyelelewa angefanya. "Shikamoo, mama."

Mama hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akafumbua macho. "Marahaba, baba," alisema. "Hamjambo hapa?" Katika maisha yake yote hakuwahi kuacha salamu ya mtoto wa mtu bila kuitikia, na hakuacha siku ile. Kijana akatabasamu. "Hatujambo, mama." Akanigeukia. "Dada, foleni ni foleni. Wagonjwa tunawajua, wanakuja wamelala." Mimi na shangazi tukasema kwa pamoja, na madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi na kutuita wajanja wa mjini. Kivuko kikaondoka bila sisi, kikarudi, kikaondoka tena. Mama alikaa wima, kwa heshima zake zote, akiyatazama maji. Tulifika Mwanza jua linazama. Daktari hakusema kwamba tumechelewa. Hakusema pia kwamba tumewahi. Simlaumu kijana yule. Alisalimia mkubwa wake na mkubwa wake akamwitikia. Na Pijo haikukosea kitu chochote. Ilikwenda mbio, ikatufikisha mapema kwenye foleni.

Basi nilisimama mbele ya wazee nikasema nachukua Landrova. Mzee mmoja akauliza kama nimesikia swali vizuri. Baba mdogo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili kama mtu aliyepewa mke bila mahari. Masanja alitoka nje, nikamsikia nyuma ya nyumba akilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini. Shangazi Holo peke yake hakushangaa. Alinitazama, akatazama chini, akaendelea kuchambua karanga zake. Masanja hakuniuliza sababu siku ile, aliniuliza baadaye, akiwa amekasirika; na ningemwambiaje mtoto wa miaka kumi na minne kwamba mlango alioufungua kwa mapenzi yote ulikuwa mlango usiofaa?

Tukaanza mwaka wetu. Nilinunua godoro jembamba la pamba, nikalikunja nikalifunga kwa mpira nyuma ya kiti cha dereva. Nilikuwa navuka na mizigo ya duka, narudi na mpunga, michembe, na akina mama wauza dagaa wamekaa kwenye mabenchi wakinisema. "Mwanamke kwenye Landrova! Dada, breki unaijua?" "Ninaijua, mama, ila yenyewe hainijui." Walicheka na wiki iliyofuata wakarudi. Lakini kila kijiji nilichopita nilisema neno moja: akiwapo mgonjwa wa Mwanza, magunia yatashuka. Mara ya kwanza alikuwa mzee aliyevunjika paja. Tulitandika godoro, tukamlaza kati ya mabenchi, nikaendesha taratibu kwa springi zile za mkokoteni mpaka kivukoni. Mhudumu alikuwa yule yule. Alifungua pazia la turubai nyuma, akaona miguu ya mtu imenyooka, akafunga, akageuka akapunga mkono, na malori yakaanza kusogea pembeni moja baada ya jingine. Hakusalimia. Nilielewa wakati ule ule, nikiwa na mikono kwenye usukani, kitu ambacho fundi na utepe wake hawakukipima: aliyelala hasalimiwi, anapishwa.

Habari zilienea. Wagonjwa wakaanza kungojea Landrova, na wauza dagaa nao wakagundua kwamba anayekaa benchi pembeni ya mgonjwa hakai foleni. Wakawa wauguzi wa ajabu, wanapepea kwa kanga na kumpa mtu maji kabla hajaomba. Sisi tulikula. Sisemi tulinenepa. Nyumba yetu ya Buhongwa ilikuwa na chumba kimoja chenye sakafu na kimoja cha udongo. Tulipikia uani, ugali na dagaa, Jumapili wali, na asubuhi matobolwa ya viazi na chai ya rangi. Masanja alipika vizuri kuliko mimi lakini alipika amenuna. Kila alasiri Pijo ya baba mdogo ilipita barabarani ikipiga honi, ile honi yake ya sauti mbili, na Masanja aliacha mwiko hewani mpaka sauti iishe. Jioni moja nilikuwa nafunga plagi, nikawasikia yeye na Mbuke nyuma ya ukuta.

"Dada aliogopa mbio," Masanja alisema.

"Dada haogopi kitu," Mbuke akajibu. "Anaogopa mende tu."

Nilibaki pale na spana yangu. Ningeweza kuzunguka ukuta nikasema. Sikuzunguka, na hata leo naona nilifanya sawa.

Baba mdogo alikuwa akibeba wafanyabiashara wa Sengerema, na kila tulipokutana kwenye njia ya kivukoni alinipita kwa honi na mkono juu. Nusu saa baadaye nilimkuta kwenye foleni, milango wazi, anatafuna muwa. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba. Umefika?" "Nimefika. Nawe naona bado umefika." Siku nikiwa sina mgonjwa tulipanda kivuko kimoja, Landrova na Pijo, mbio zake zote na uvivu wangu wote vikielea kwa mwendo mmoja. Siku nikiwa na mgonjwa nilimpita pale pale na muwa wake. Alivumilia miezi kadhaa, kisha akili ikamjia. Siku hiyo nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, nimebeba mpunga. Nikaona miguu imetokeza kwenye dirisha la nyuma la Pijo, imevaa buti za mvua. Alikuwa amemlaza mnunuzi wa samaki, mzee wa kitambi, kwenye kiti cha nyuma na kumfunika kanga mpaka usoni. Baba mdogo alikuwa anajifuta machozi yasiyokuwapo. Mhudumu akaja. Akaitazama miguu, akazitazama zile buti, akazunguka upande wa kichwa, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba!" kanga ikajibu.

Mstari mzima ulilipuka. Watu walishuka kwenye malori wakajishika mbavu, na mzee akafunua uso akauliza kumetokea nini. Mimi pia nilicheka, nilicheka mpaka nikaegemea usukani, na katikati ya kicheko niliisikia ile marahaba nyingine, ya sauti ndogo, yenye heshima, na kicheko kikanikauka. Mhudumu alinitazama kutoka kule mbele. Sijui kama alitukumbuka. Nafikiri alikumbuka, maana tangu siku ile hakuwahi kumsalimia mtu yeyote niliyembeba kabla hajaniuliza mimi kwanza, "Dada, huyu wako anaendeleaje?"

Karibu na kumbukumbu ya mama mvua zilianza kwa nguvu. Nilikuwa Sengerema napakia mpunga, Pijo ikaja imepakwa matope mpaka kwenye vioo, na baba mdogo akashuka bila kuzima injini. Hakunipa nafasi ya kusalimia. "Kabula. Mama yako mdogo. Mtoto amelala vibaya tumboni, uchungu toka jana. Wamesema Mwanza." Kisha akasema maneno ambayo najua yalimgharimu. "Lete Landrova."

"Na hii?" nikamwonyesha Pijo.

"Iache hapo hapo."

Magunia yalishuka kwenye mvua. Njia ya kwenda kwake ilikuwa mbuga nyeusi, tope lile linaloshika tairi kama unga wa ngano unavyoshika vidole. Nilivuta kigingi chekundu, nikaweka gia ya kwanza, nikaondoa mguu kwenye mafuta kama baba alivyonifundisha, nikaiacha Landrova ijitafutie njia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Farasi wachache, lakini wote walikuwa wanavuta. Tulimtandikia mama mdogo godoro. Baba mdogo alikaa chini kwenye bati, amemshika mkewe mkono, kichwa chake kikigonga benchi kila shimo, na hakulalamika. Kivukoni pazia lilifunguliwa, likafungwa. Malori yalisogea. Niliona kwenye kioo uso wa baba mdogo, akiyatazama yale malori yakitupisha, na Pijo mbili za watu wengine zikiwa zimekaa kwenye mstari, safi, zinang'aa kwa mvua.

Mtoto alizaliwa Mwanza kwa kupasuliwa, wa kike, na mama yake akapona. Ana jina lake la ubatizo, lakini ukoo mzima mpaka leo unamwita Mia na Tisa.

Siku ya kumbukumbu wazee walikaa sebule ile ile. Safari hii sikuwa kwenye chumba cha chakula. Nilikaa mkekani mbele yao, Mbuke ananilalia, Masanja mlangoni na sare zake za shule ambazo hakuna aliyemwambia avae. Baba mdogo alisimama kabla hajaitwa. "Wazee, mlisema siku hii mtatazama," alisema. "Mimi nimeshatazama. Nimetazama nikiwa nimekaa nyuma, napigwa upepo." Shangazi Holo aliinua kichwa. "Watoto hawa wana nyumba yao na gari lao. Leteni chakula." Kikao kilikuwa kimekwisha. Tulikula wali na nyama ya mbuzi, na Masanja alikula nje, amekaa kwenye bampa ya Landrova. Hakuwa na mahali pengine pakavu, lakini mimi nilihesabu kuwa ni msamaha.

Jumapili tuliondoka Ilemela mapema. Mbuke alipanda Landrova akiendeshwa na mwanangu, pamoja na saruji na vigae vya makaburi, nami nikapanda Pijo na Masanja, kwa sababu aliniomba na kwa sababu magoti yangu siku hizi yanazipenda zile springi za koili. Sikatai. Ni gari zuri. Tulipita Buhongwa, ambako gereji ya Fundi Rwegasira sasa ni ghorofa, tukakata Usagara, na Landrova ikapotea kwenye kioo. Mahali pa kivuko sasa pana daraja. Linaanzia pale pale malori yalipokuwa yakipanga, linapita juu ya maji, na mtu anavuka kabla hajamaliza wimbo mmoja wa redio.

"Unaona, dada?" Masanja alisema tulipopanda darajani. "Sasa nimeshinda. Hakuna foleni. Sasa mbio ni mbio."

"Umeshinda," nilimwambia, na nilikuwa namaanisha. Landrova ilikuwa jibu la swali la mwaka ule, na swali lile sasa linapitwa kwa gia ya nne.

Akabadili gia. Upande wa kulia chini niliiona ile gati ya zamani, tupu, ndege weupe wamesimama juu ya zege.

"Shangazi Holo aliniambia," Masanja alisema. "Kabla hajafa. Salamu ya mama na kila kitu."

Shangazi amekufa zamani sana. "Sasa miaka yote hii unaniuliza nini?"

"Nilikuwa nangoja uniseme. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa Pijo."

Nikaweka mkono juu ya mkono wake, pale kwenye kigingi cha gia. Ulikuwa mkono wa mzee, wenye grisi kwenye kucha.

"Na mimi ndiye niliyeshika usukani," nilimwambia. "Endesha."

Akaendesha. Ila alipunguza mwendo, ingawa mbele yetu hapakuwa na gari hata moja.